Kiyoyozi cha Haji Abbud

Jumatano, tarehe 17 Julai 2019. Asubuhi hiyo Basra iliamkia upepo wa sharji, ule wa kutoka Ghuba unaoleta unyevu badala ya nafuu. Kuta zilitoka jasho, na jua lilichoma kabla mkate wa asubuhi haujapoa.

Sundus alijipenyeza katika soko la vipuri, abaya yake nyeusi imemganda mgongoni, mkononi kashika kapasita, kipuri cha kuwashia kiyoyozi, iliyovimba tumbo. Mbele ya duka watu walisukumana, kila mmoja kiyoyozi chake kimemgomea.

"Dada, hiyo imekufa. Isomee Fatiha," alisema kijana mrefu mwenye shati la samawati lililojaa madoa ya grisi.

"Isomee wewe. Mimi nataka nyingine kama hii."

"Na nani ataifunga?"

"Mimi."

"Haya, bibi fundi! Ikikupiga shoti niite nije kukuokota."

Sundus alicheka bila kutaka. Nyumbani baba yake, Haji Abbud, mzee mwenye moyo mgonjwa, alikuwa akihema katika chumba cha moto kama tanuri. Akaondoka na yule kijana, fundi wa viyoyozi.

Jina lake Mundhir. Alifunga kapasita, akaosha chujio, akapanda juu ya paa kupuliza vumbi lililoziba mashine ya nje. Mwisho akafunga kisanduku cha kinga ukutani.

"Umeme wa serikali ukikatika na jenereta ya mtaa ikashika, hiki kitawasubirisha dakika tatu. Gesi itulie kwanza. Mkikiruka mkaunga waya moja kwa moja, kompresa itaungua."

"Dakika tatu kwa joto hili?"

"Subira, dada. Hata Ayubu alisubiri."

"Ayubu hakuishi Basra."

Mapenzi yao yalikua kwenye simu.

"Kiyoyozi kinaendeleaje?"

"Kizima. Mbona huniulizi hali yangu?"

"Naogopa. Ukisema unaumwa, wewe sina kipuri chako."

"Muongo mkubwa!"

"Muongo wako, roho yangu."

Wakakubaliana kwamba Idi ikipita, wazee wa Mundhir watakuja kuposa.

Lakini Idi ilikuwa bado haijafika. Alasiri moja umeme ulikatika, jenereta ikashika, na kile kisanduku kikaanza kusubiri. Midomo ya Haji Abbud ilikuwa imegeuka rangi.

"Washa, mwanangu. Nakufa."

Sundus alipanda kiti, akakiruka kisanduku, akaunga waya moja kwa moja. Baridi ikashuka papo hapo. Mzee akatabasamu, akamwombea dua. Kisha umeme ukarudi, ukaenda, ukarudi tena. Kompresa ikanguruma, harufu ya kuungua ikajaa nyumba, halafu kimya. Sundus akampigia Mundhir, akambandika baba vitambaa vya maji, akaomba Mungu kwa kila jina alilolijua. Mzee alikata roho kabla ya adhana ya magharibi.

Mundhir alifika akitweta. Aliutazama ule waya, akamtazama Sundus, akaufungua na kuurudisha kwenye kisanduku. Ndipo Yasir, kaka mtu, alipoingia.

"Umetufanyia nini wewe? Kiyoyozi umekitengeneza juzi tu!"

"Kosa ni langu," alisema Mundhir, macho chini.

Sundus aliinama, akamfunika baba yake uso kwa shuka.

Tangu siku hiyo Sundus alimpigia Mundhir simu kila baada ya swala, na simu iliita mpaka ikakatika. Ananichukia, aliwaza. Amejua ni mimi niliyemuua baba. Hata akisujudu, aliona dua zake hazivuki dari.

Matanga yalipoisha, koo mbili zilikutana katika hema la wanaume. Vikombe vya kahawa vilipoa mbele ya wageni, watu wa Mundhir, bila kuguswa, maana mgeni hanywi kabla ya kupatana. Ami Jabbar, mkubwa wa ukoo, alitamka hukumu: Mundhir alipe dia, fidia ya damu, naye na watu wake wahame Basra.

"Nakubali," alisema Mundhir.

Nyuma ya pazia, mama alimshika Sundus mkono. "Nyamaza, mwanangu. Baba yako harudi. Utatuaibisha."

"Kwa Mungu nitajibu nini, mama?"

Akaufungua mkono wa mama yake kidole kwa kidole, akatoka.

"Ami Jabbar! Waya niliuunga mimi. Mundhir alinikataza, lakini baba alikuwa akihema, nikamhurumia."

"Rudi ndani!" Yasir alifoka.

Ami Jabbar aliinua mkono. "Mundhir, ni kweli?"

Mundhir alimtazama Sundus, akatikisa kichwa kumkataza.

"Mungu anakuona, kijana."

"Ni kweli, ami."

"Mbona hukupokea simu zangu?" Sundus aliuliza, kana kwamba hemani wako wawili tu.

"Ungeniambia unataka kusema ukweli. Na mimi sauti yako siwezi kuikatalia."

Ami Jabbar alifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Ajali ni amri ya Mungu. Hatudai kitu."

Yasir alisimama. Alimwambia dada yake, "Kwangu, wewe nawe umekufa," akatoka bila kumpa mtu mkono. Mama alilia nyuma ya pazia, na Sundus hakujua analiliwa nani.

Mundhir akainuka.

"Wazee wangu, ninyi ni mashahidi. Arobaini ya Haji ikipita nitakuja kumposa Sundus. Yasir akinifukuza, nitarudi. Akinifukuza tena, nitarudi tena. Na kifo hiki Sundus hatakibeba peke yake. Wallahi, nitakibeba naye mpaka tuzikwe."