Isale la Kibosho na Chakula cha Siku Sita

— Siku ya nne wapandaji hawali, Basili. Kule juu tumbo linakataa kila kitu. Nawapakia supu, tangawizi na biskuti kavu.

— Eve, niangalie basi.

— Karanga za njiani nimezigawa kwenye vifuko vya siku sita. Usiwape zote siku ya kwanza.

Evelyn alikuwa akiongea na viroba, si na mtu. Kazi yake pale Njoro ni kufungasha chakula cha wapanda mlima. Basili, mpishi wa safari ya kesho yake, alisimama mlangoni na jani bichi la isale mkononi. Kwa Wachaga, anayeombwa msamaha kwa isale hupata taabu sana kukataa, na Basili alilitegemea hilo.

— Nisamehe. Siku ile ya posa niliitwa mlimani ghafla.

— Ukazima simu. Wazee wamekaa, pombe ya mbege ipo, mgeni hatokei. Baba aliimwaga, unajua?

— Ndiyo maana nimekuletea isale.

— Umeniletea mimi, wakati aliyeaibika mbele ya ukoo ni baba. Lipeleke kwake Kibosho. Asipolipokea, mimi na wewe basi.

Basili akaondoka na jani lake. Evelyn akaendelea kufungasha, harufu ya tangawizi ikimlewesha. Dirishani mlima ulichungulia mawinguni, naye akilini akamwona Basili huko juu, amechutama mbele ya jiko, mvuke wa supu ukimpanda usoni. Alimpenda jamani, hata kununa kulimchosha. Akahesabu vifuko mara tatu, akakosea mara zote.

Saa tisa simu ikaita.

— Shikamoo baba.

— Marahaba. Huyu mpishi wako yuko hapa tangu saa tano. Kapiga magoti kwenye tope na isale lake.

Evelyn akakaa juu ya kiroba cha viazi.

— Umemjibu nini?

— Kwanza nilimwacha mvua imnyeshee.

— Baba!

— Nimelipokea, mwanangu. Mama yako ameshaloweka ulezi. Mbege itakuwa tayari akishuka mlimani.

Machozi yalimtoka Evelyn, akayaacha yatoke.

— Upo? Anauliza kama bado umemnunia, na kama chakula cha safari kimekamilika.

— Mwambie cha siku sita kipo. Siku ya saba simpakii kitu. Atakula kwetu.