Ujumbe Ambao Haukufika Kipushi

Adalbert anakaa Katuba, Lubumbashi, pamoja na baba yake, mzee Hénoc. Asubuhi humpikia mzee uji, halafu huenda karakana kutengeneza magari. Hénoc alifanya kazi ya reli miaka mingi. Kisha tumbo likaanza kumsumbua, na daktari akasema lazima apasuliwe wiki ile.

Mzee hakuogopa kisu. Aliogopa kitu kingine.

"Adalbert, minataka kuona Constance mbele banipasule," alisema. "Tuligombana juu ya shamba ya mama. Nikikufa na ile mambo mu roho, haitakuwa muzuri."

Constance ni dada mdogo wa mzee. Anakaa Kipushi, anauza unga. Adalbert angeweza kumpigia simu, lakini aliogopa mdomo wa shangazi yake. Akaona afadhali aandike. Na bwana huyu akianza kuandika, huandika kweli! Ujumbe ulianza na salamu kwa shangazi, ukapita kwa watoto wote, ukafika hata kwa kuku. Habari ya hospitali ilikuja mwishoni kabisa. Akautuma, akangoja.

Jibu halikuja. Kesho yake pia halikuja.

"Constance alijibu nini?" mzee aliuliza.

Adalbert alikuwa amekasirika. "Papa, muache. Alikatala. Hapendi kukuona."

Mzee aligeukia ukuta. Mabega yake yakatikisika. Adalbert alitoka nje kwa sababu hakuweza kumtazama baba yake akilia.

Uani alimkuta jirani yao Joëlle, mwalimu wa kompyuta. Akamweleza yote, tena kwa uchungu. Alimpa simu asome mwenyewe alivyoandika kwa heshima.

Joëlle alisoma mpaka kwa kuku, akatabasamu kidogo, akamwita yaya, yaani kaka. "Yaya Adalbert, hii simu ulinunua mupya?"

"Hapana. Ilikuwa inazimikaka yenyewe. Balii-flashé kule soko."

Kuflashi simu ni kufuta programu zake na kuweka nyingine.

"Na tantine Constance iko na rezo gani? Kampuni ya simu sawa ya kwako?"

"Hapana, iko na ya ingine."

"Miye pia niko na ile ya ingine. Nitumie hii mesaje."

Adalbert aliituma. Simu ya Joëlle ilikaa kimya.

"Sasa andika 'Jambo' tu."

Simu ya Joëlle ikalia papo hapo.

"Unaona? Nyuma ya kui-flasher, réglages, mipango ya simu, ilibadilika. Mesaje ikikuwa murefu, simu yako inaigeuza, inaituma vile banatumaka foto. Ile namna, mara mingi haivuke kwenda kwa rezo ya ingine. Mesaje ya fupi inapita. Tantine hakukatala, yaya. Hajue kintu."

Adalbert aliona haya, akatamani ardhi ipasuke immeze. Si kwa ajili ya simu. Alimkumbuka mzee akitazama ukuta.

Joëlle alirekebisha simu, ujumbe mrefu uende kama ujumbe wa kawaida. Akaiweka pia imjulishe Adalbert kila ujumbe unapofika. "Lakini mambo ya mugonjwa, yaya, piga simu. Na muntu asipojibu, muulize kwanza."

Adalbert alipiga. Constance alipiga yowe, akakata simu. Kabla ya jioni alikuwa amesimama mlangoni, viatu vimejaa vumbi.

"Yaya Hénoc! Juu ya nini hamukuniambia?"

Mzee aliinua kichwa. "Adalbert alisema ulikatala."

Constance akamgeukia Adalbert. Huyu angeweza kuisingizia simu. Lakini simu haikusema neno lile. Yeye ndiye aliyelisema.

"Ni miye, Tantine. Mesaje haikufika, na miye nikasema ulikatala. Unisamehe."

"Na weye uliamini?" shangazi alimuuliza polepole. "Miye nikatale yaya yangu?"

Hata kofi lisingemuuma Adalbert kama swali lile.

Mzee Hénoc alipasuliwa, akapona. Shamba wanalilima pamoja, yeye na dada yake. Adalbert sasa huandika ujumbe mfupi na huangalia kama umefika. Habari nzito huisema kwa simu.

Jumapili iliyopita Constance alichelewa kuja kula.

"Alikatala tena?" mzee alitania.

Adalbert aliinamisha kichwa, akachukua simu.

"Sijue, Papa. Ngoja nimuulize."