Barua kwa Wangechi

Jua lilikuwa linazama Gathoni alipotoka kisiagini na mfuko wa unga, bado una joto, akashika njia ya mkato nyuma ya mabati ya Gitothua. Stima ilikuwa imepotea mtaa mzima. Alikuwa ameshona suruali kutwa katika kiwanda cha nguo hapo Ruiru na mgongo ulimuuma. Nyumbani alikuwa amemwachia binti yake, Wangechi, maziwa jikoni ayaangalie yasimwagike.

Alipofika penye mtaro ndipo alipozisikia.

Kwaru... kwaru...

Ndara. Moja ilikanyaga, nyingine iliburutwa. Ya mguu wa kushoto.

Hakugeuka. Alimjua mtu mmoja tu aliyetembea hivyo, na huyo alizikwa Kalimoni miaka mitatu iliyopita, Gathoni mwenyewe akirusha udongo. Kisha ikaja harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, harufu ya ile kambi ya wachuma kahawa nje ya Thika alikozaliwa. Gitothua hakuna kahawa. Kuna mabati, vioski na kuku wa watu.

Akaongeza mwendo. Ndara nazo zikaongeza.

Marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu tutamsema. Mama yake Gathoni alikuwa na mwiko mzito, mweusi kwa masizi, alioachiwa na mama yake mzazi. Aliusongea ugali, na kwa mwiko huo huo alimfunza Gathoni adabu, mpaka siku moja mkono wa mtoto ukavunjika na zahanati ikaambiwa ameanguka. Mpaka leo kiwiko cha Gathoni hakinyooki. Wengine hurithi shamba. Yeye mama yake alipokufa alirithi mwiko, akautundika kwenye msumari ukutani.

Alirithi na jina. Nyumba yao ilikuwa ya wanawake wasioolewa, na Mkikuyu asiyeolewa, binti yake wa kwanza humpa jina la mama yake mwenyewe. Mwenye jina hurudi ndani ya mtoto. Basi binti wa Gathoni akawa Wangechi, kama marehemu, na Gathoni akamwita "maitu", yaani mama. Siku nyingi alimwita hivyo kwa upendo. Lakini siku hasira ilipopanda na mwiko ukashuka, alisikia kisauti moyoni mwake kikisema: Sasa na wewe onja.

Mtoto ana miaka minane. Kisauti hicho kilimtisha Gathoni kuliko kaburi.

Ndiyo maana alikwenda kwa Nekoye, mwanamke wa Bungoma aliyehamia Mugutha, anayekaa na akina mama baada ya ibada ya Jumapili kusikiliza shida zao.

"Andika, dadangu," Nekoye alimwambia. "Mwandikie mama yako yote, hata kama amekufa. Ile kitu imekwama ndani yako ndiyo inampiga mtoto."

Gathoni alinunua daftari. Juu ya ukurasa wa kwanza aliandika: Kwa Wangechi. Halafu: Ulinivunja mkono nikasema nimeanguka. Nilikuogopa. Siku ulipoondoka nililala usingizi mzuri. Alilia mpaka akachoka, akaficha daftari chini ya godoro, na kwa siku mbili hakuinua mkono wake kwa mtoto.

Siku ya tatu alilifungua. Chini ya maneno yake palikuwa na neno moja la penseli, herufi kubwa zilizopinda.

NISAMEHE.

Mama yake alijifunza kuandika uzeeni, katika masomo ya ngumbaru. Herufi zake zilikuwa hivyo hivyo.

Tangu hapo, kila jioni, ndara.

Jioni hii, ndara zikiwa bado nyuma yake, alisukuma mlango wa nyumba. Harufu ya maziwa yaliyoungua ilimpiga usoni. Sufuria ilikuwa imelala ubavu, jiko limefurika, makaa yamezima. Katika giza lile Wangechi alikuwa amejibana ukutani.

"Nilikuambia nini?" Gathoni alinong'ona.

Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye msumari. Hakumbuki kuunyanyua.

Kwaru.

Sasa zilikuwa ndani. Nyuma yake kabisa. Pumzi ya baridi yenye kahawa iliyooza ikamgusa sikio.

"Mpige... Usipompiga atakukalia kwa kichwa..."

Mwiko ulipanda.

"Nisamehe," mtoto alisema gizani. "Sitakuvunja mkono tena."

Gathoni akaganda.

"Umesema nini?"

"Nilisoma barua yako, mami. Umeandika kwa Wangechi." Mtoto alianza kulia taratibu, kama mtu aliyezoea kulia bila kusikika. "Mimi sikumbuki nikikuvunja. Lakini niliandika nisamehe."

Mwiko ukamtoka mkononi. Aliketi sakafuni, katikati ya maziwa, akamvuta mtoto kifuani. Aibu ilimchoma kuliko kipigo chochote alichowahi kupigwa. Hasira yote ile, na kumbe aliyekuwa akilipa ni huyu.

"Si wewe. Ile barua ni ya cucu yako, mama yangu."

"Si unasemanga cucu ni mimi?"

"Umechukua jina tu. Deni la cucu si lako. Hujanikosea kitu, Wangechi. Mimi ndiye nimekukosea."

Wakakaa hivyo mpaka kilio kikaisha. Kisha Gathoni akausukuma mwiko ndani ya jiko. Makaa yalikuwa yamezimwa na maziwa, yeye mwenyewe aliyaona. Lakini mwiko ulishika moto.

Kwa mwanga ule alichukua daftari ili amwonyeshe mtoto kwamba hakuna la kuogopa. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyenusurika. Kumbe ni penseli ya mtoto tu, na masikio yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ni mshona nguo.

Akafungua ukurasa uliofuata.

KWA GATHONI. ULINIVUNJA MGUU NIKASEMA NIMEANGUKA.

"Hiyo si mimi," Wangechi akanong'ona. "Mimi niliandika moja tu."

Gathoni alisoma tena. Hakuwahi kumvunja mtu mguu. Mama yake ndiye aliyeburuta mguu maisha yake yote. Alipoulizwa, alijibu kwamba alianguka akiwa mdogo.

Na mama mzazi wa mama yake, yule wa kwanza kuwa na mwiko, jina lake lilikuwa Gathoni.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kila mama katika nyumba hii alimpa binti yake jina la aliyempiga, kisha akampiga.

Moto ulipasua mwiko katikati. Nyuma yao kitu kilisimama, kikingoja. Gathoni alimwomba mtoto penseli. Hakuwa na hatia ya mguu ule. Hata Wangechi hakuwa na hatia ya mkono, na bado alijibu.

Akaandika, kwa jina aliloachiwa: Nisamehe.

Akaiweka penseli chini.

Halafu, kwaru... kwaru... kuelekea mlangoni. Mlango ulifunguka, baridi ikapita, na ndara zikashika njia ya mtaro. Wangechi alisikiliza mpaka zikapotea, vidole vyake vimekaza nguo ya mama yake.

"Mami," akauliza, "mbona wanatoka wawili? Mmoja haburuti mguu."