Picha ya Jangwa Darasani Kitaya

Haya yalimpata rafiki yangu Esta, mwalimu wa shule ya kijiji cha Kitaya, mpakani na Msumbiji, mwaka 1971. Alitundika ukutani picha ya jangwa, mchanga mtupu, akawauliza watoto inawatia hisia gani.

“Kiu, Mwalimu!” alisema Mussa, wenzake wakacheka.

Asha hakucheka. Baba yake alikuwa amevuka mto Ruvuma kwenda shambani, ng'ambo kulikokuwa na vita, na hiyo ilikuwa siku ya tisa hajarudi.

“Baba amelala pale, Mwalimu. Ananiita.”

“Huo ni mchanga tu, mwanangu. Njoo utuonyeshe.”

Mvua ilikuwa imetia giza darasani. Asha akaweka kidole katikati ya picha. Esta naye akaweka kiganja hapohapo, ili amtulize. Karatasi ikapanda na kushuka kama kifua cha mtu, ikikoroma kwa taabu, mara tatu. Kisha ikatulia.