Vema ya Tarehe Thelathini na Moja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalamu alikuwa na kazi tatu: kufagia baraza, kumvalisha mdogo wake shati, na kumtazama babu yake akimeza dawa. Ya kwanza aliifanya shingo upande. Ya pili aliifanya kwa ugomvi, maana mdogo wake huyo wa miaka minne alikuwa mbishi wa kupindukia. Ya tatu aliipenda. Alileta kikombe cha maji, akamhesabia babu vidonge vinne kiganjani, akahakikisha vimeshuka vyote, kisha akachomoa ile kalamu iliyokaa nyuma ya sikio lake kutwa nzima, iliyompa hilo jina, akaweka alama ya vema kwenye kadi.

"Fungua mdomo, babu. Inua ulimi."

"Leo umeniona mwizi?" babu aliuliza, ulimi juu, maneno yakitoka nusunusu. Wote wawili wakacheka.

Babu alikuwa fundi cherehani, na baraza ndiyo ilikuwa duka lake. Alikohoa miezi mingi akisingizia vumbi la vitambaa, hadi mwezi wa nne alipopimwa makohozi na kukutwa na kifua kikuu. Mama yake Kalamu alitoka alfajiri kwenda kuoka mikate, kwa hiyo kadi ya dawa ikaangukia mikononi mwa Kalamu, mwanafunzi wa darasa la sita.

Aliyemkabidhi kadi ile alikuwa mhudumu wa afya, mwanamke mmoja mpole aliyezunguka kijiji kizima kwa baiskeli, na daftari kubwa limefungwa nyuma kwa mpira. Watoto walimwita Mama Daftari. Kadi ilikuwa na mistari, kila mwezi na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku thelathini na moja.

"Sikiliza vizuri," alimwambia Kalamu siku ile. "Vema haina maana kwamba dawa ipo, wala kwamba babu amesema amemeza. Maana yake ni moja tu: nimeona kwa macho yangu."

Kalamu alikubali kwa kichwa, akajiona mtu mkubwa.

Miezi miwili ikapita. Babu akanenepa kidogo mashavuni, akarudi kwenye cherehani, utani wake ukarudi. Mwishoni mwa mwezi wa tano, asubuhi moja Kalamu akiwa amechelewa, babu alipokea vidonge akaviweka juu ya meza ya cherehani.

"Vinanichafua tumbo nikivimeza na njaa," alisema. "Nitameza nikishakula. Wewe weka vema yako uwahi shule."

"Lakini Mama Daftari alisema nione."

"Mimi nikudanganye wewe, mjukuu wangu?"

Kalamu alimtazama babu yake. Kati ya watu wote duniani, huyu ndiye aliyemwamini kuliko wote. Akaweka vema, akakimbia. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na keshokutwa, mpaka ikawa ndiyo desturi. Ilipofika wiki ya mwisho ya mwezi wa sita, wiki ya mitihani, Kalamu aliona kufungua kadi kila siku ni kujisumbua bure. Jumamosi moja alikaa chini, akajaza vema mfululizo mpaka mwisho wa mstari.

Kikohozi kilirudi polepole. Kalamu alikisikia akiwa ndani, na kila kilipoanza, cherehani nayo ilianza kulia kwa nguvu. Siku moja alichungulia. Babu alikuwa anakanyaga pedali kwa haraka, kitambaa kimebanwa mdomoni, na chini ya sindano hapakuwa na nguo yoyote. Kalamu akarudi ndani. Aliogopa, ila hakujua amwambie nani bila kujitaja mwenyewe.

Mama Daftari alifika siku chache baadaye, mwanzoni mwa mwezi wa saba. Alisalimia, akaegemeza baiskeli, akaketi kwenye kiti cha wateja. Aliipitisha kalamu yake juu ya kadi kisanduku kwa kisanduku, kisha kalamu ikasimama.

"Kalamu, mwezi wa sita una siku ngapi?"

"Thelathini," alijibu bila kufikiri.

"Sasa hii vema ya tarehe thelathini na moja, babu alimeza dawa siku gani?"

Babu akawahi kucheka. "Aa, mwanangu, kalamu imeteleza tu. Huyu mtoto alikuwa na mitihani."

Lilikuwa neno jepesi, na njia ya kutokea ilikuwa wazi kabisa. Kalamu angesema "ndiyo, imeteleza," na mambo yangeishia hapo. Babu alimtazama kwa macho ya kuomba, macho ambayo hakuwahi kumwona nayo. Kisha kikohozi kikamshika, akainama, na safari hii hakuwahi kukanyaga pedali.

"Haikuteleza," Kalamu alisema, machozi yakimtoka. "Nilijaza bila kuona. Siku nyingi sana."

Babu alivuta mtoto wa meza, akatoa kopo lake la vifungo, akalimimina mezani. Kati ya vifungo vyeusi na vyeupe vilimwagika vidonge, vingi mno.

"Nilijiona nimepona," alisema kwa sauti ndogo. "Nikaona ninaonea tumbo langu bure. Na mteja akinikuta nameza vidonge, anaondoka na kitambaa chake. Msimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Siku hiyohiyo babu alipelekwa hospitali. Vipimo vilionyesha kwamba ugonjwa umekuwa sugu, dawa za mwanzo haziuwezi tena. Akaanzishiwa nyingine, kali zaidi. Alizimeza zote, wauguzi walisema, bila kuruka hata siku moja. Lakini mapafu yalikuwa yamekwisha kuliwa. Mwishoni mwa mwezi wa nane babu alifariki dunia. Mama aliifunika cherehani kwa shuka, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba Kalamu alitamani asikie hata kile kikohozi.

Wiki iliyofuata Mama Daftari alikuja kutoa pole. Kabla ya kuondoka alifungua daftari lake mbele ya Kalamu, akamwonyesha jina la babu na safu ya mwisho kabisa, safu ya matokeo ya matibabu. Akaandika: Amefariki.

"Ni mimi niliyemuua?" Kalamu aliuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo wiki nzima.

"Hapana. Ugonjwa ndio uliomuua, na babu yako mwenyewe alisema nani alificha dawa. Lakini sitakuficha ukweli: vema zako zilinifumba macho mwezi mzima. Mimi siwezi kuwa katika kila nyumba kila asubuhi. Naona kwa macho ya walioshika kadi." Akafunga daftari. "Sasa na hili ulijue. Ungekubali kwamba kalamu iliteleza, nisingeuliza zaidi siku ile. Tusingewapima watu wa nyumba hii na majirani mapema, wala kuwakuta wawili na ugonjwa huu. Mdogo wako na mwashi mmoja wa nyumba ya pili wangekuwa wanaugua sasa hivi bila mtu kujua, na mimi ningekuwa ninaandika kwamba kijiji hiki hali ni nzuri. Ukiandika, mwanangu, andika ulichokiona. Hata kama kinauma. Kuna mtu atatibiwa kwa kufuata maandishi yako."

Kalamu alilia sana, na Mama Daftari hakumharakisha.

Tarehe thelathini ya mwezi wa tisa, kabla ya shule, Kalamu alileta kikombe cha maji na dawa ya mdogo wake. Kadi mpya ilikuwa mezani, kando ya cherehani iliyofunikwa. Yule mbishi alifumba mdomo, akaufumbua, akameza kwa kukunja uso.

"Fungua mdomo. Inua ulimi."

"Leo umeniona mwizi?" mtoto akauliza, kwa sauti ileile aliyoisikia kwa babu yake.

Kalamu alishindwa kucheka. Alichomoa kalamu sikioni, akaweka vema kwenye kisanduku cha thelathini. Mdogo wake akagusa kisanduku kilichofuata kwa kidole chenye maji.

"Na hiki? Mbona hukijazi?"

"Hicho hakina siku," Kalamu akasema, akairudisha kalamu sikioni.