Spika Iliyopumua Baridi

Joto la Novemba lilikuwa bado halijatoka kwenye mabati ya Mbeya, Lutengano alipoingia dukani kwa Mzee Othmani, gita begani, dada yake Sekela nyuma. Jua lilikuwa linazama. Haja yao ilikuwa moja tu: amplifaya.

Jumamosi bendi yao ilikuwa iende kupiga dansi Iringa, Lutengano kwenye gita, Sekela akiimba. Mwenye ukumbi, Bwana Edmund, alikuwa ameandika barua fupi: "Safari iliyopita watu wa nyuma walicheza kwa kukisia. Mkija tena na gita la kunong'ona, naweka santuri, nanyi msirudi."

Mzee Othmani alitoa kwanza amplifaya mpya, ndogo, kila kitu ndani ya sanduku moja.

"Hii bibi harusi," alisema. "Nyepesi, haina makuu."

Lutengano aliijaribu. Sauti ilikuwa tamu, lakini Sekela alipoimba kupitia humo humo, pamoja na gita, spika ilikoroma kama chura.

"Hii ya kupigia wakwe sebuleni, mzee. Nataka ya ukumbi."

Mzee alisita. Kisha akaburuta vitu viwili kutoka chini ya meza: amplifaya nzito ya chuma yenye valvu nne, zile taa za kioo za kukuza sauti, na sanduku la peke yake, spika yake pana kama sinia.

"Sauti inayo," alisema. "Ila nikwambie kabisa. Aliyeniletea ni mhubiri mmoja kutoka Rungwe. Joto lote hili, alikuja kavaa makoti mawili."

"Alikuwa na homa."

"Na mimi nilimwambia hivyo. Akacheka, meno yakigongana."

Wakaiunga na betri ya gari. Valvu zikawa nyekundu polepole. Kila mpiga gita anajua: valvu zikiwaka hutoa joto, na harufu ya vumbi linaloungua. Hizi zilitoa harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji. Na kutoka kwenye kitambaa cha spika...

Baridi.

Ilipita juu ya vidole vya Lutengano kama pumzi ya mtu aliyelala karibu. Kisha ukaja mngurumo wa chini. Akainama kusikiliza. Haukuwa mngurumo. Walikuwa watu. Wengi, kama walioinamisha vichwa, wananung'unika Kinyakyusa.

Walikuwa wanataja jina lake.

Kwao Rungwe, aliyekosea ndugu hatukanwi usoni. Majirani hunung'unika, kila mtu nyumbani kwake, na manung'uniko hayo huwa pumzi ya baridi, ikamwingia mkosaji mifupani hadi afe. Dawa ni moja. Walionung'unika waketi, kila mmoja aseme lake kwa sauti, mbele ya watu. Likishasemwa, limekwisha.

Juni baba yao alizikwa, na Lutengano alikuwa Iringa akipiga dansi. Simu ya maandishi ya kumwita haikumfikia. Sekela aliapa kwamba aliipeleka posta mwenyewe, akasema pia kwamba amekwisha kumsamehe kaka yake. Tangu hapo Lutengano hakukanyaga kijijini. Aombe radhi ya nini? Nani aliyemwita akakataa?

"Chukua ile ndogo," Sekela alinong'ona. Alikuwa amerudi nyuma hadi mlangoni.

"Unawasikia?"

"Nasikia mashine. Chukua ndogo, kaka, twende zetu."

Lutengano alitazama mkono wake wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Vidole vyote vinne vilikuwa vimepauka. Hasira ikampanda.

"Mzee Othmani," alisema, "nifungie hii kubwa."

Jumamosi, saa moja jioni, ukumbi wa Iringa ulikuwa umejaa. Lutengano aliweka spika juu ya viti viwili nyuma ya bendi, sauti isimezwe na sakafu. Mika, mpiga ngoma wao, alisogeza kiti chake mbali.

"Hicho kisanduku kinavuta upepo wapi, wewe?"

"Piga ngoma, Mika."

Wimbo wa kwanza uliujaza ukumbi hadi ukuta wa nyuma. Watu walipiga kelele za furaha, viatu vikaburuzika sakafuni. Lakini chini ya gita, manung'uniko yalikuwapo. Katikati ya wimbo wa pili baridi ikauma. Kidole kikakosa uzi. Kingine nacho kikakosa. Wachezaji wakaangaliana. Kule nyuma, Bwana Edmund akafungua kifuniko cha mashine ya santuri.

Lutengano akaacha kupiga.

Akageuka, akaushika ufunguo wa sauti, akauzungusha hadi mwisho.

"Semeni!" alipaaza sauti kwa Kinyakyusa. "Mnanung'unika nini kama panya ghalani? Semeni, Iringa yote isikie!"

Wahehe waliokuwa wakicheza hawakuelewa neno. Walidhani ni mbwembwe za bendi. Wakacheka, wakapiga makofi.

Spika ikakohoa.

"Hakumfukia baba yake," ilisema sauti ya mzee, kavu, kubwa, hata vioo vya madirisha vikatetemeka.

Kidole cha shahada kikapata joto.

"Hakunyoa nywele!" alisema mwingine.

Kidole cha kati nacho kikapata joto.

"Hakula nasi matanga!"

Cha pete.

"Nimewasikia!" Lutengano alisema. Machozi yalimtoka, lakini kidevu hakukishusha. "Na mimi nasema: sikuitwa! Mwingine?"

Kitambaa cha spika kikavimba taratibu, kikanywea.

"Kaka..."

Ilikuwa sauti ya Sekela.

Sekela alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, mbele ya maikrofoni.

Midomo yake ilikuwa imefungwa.

"Kaka," spika ilisema tena, "ile simu, mimi..."

Pah! Valvu moja ikapasuka. Moshi. Harufu ya majivu mabichi.

"Mna wimbo mwingine," Bwana Edmund aliuliza toka nyuma, "au niweke santuri?"

"Wimbo upo!" Lutengano alijibu. Akapiga magoti, akazima amplifaya, akang'oa valvu iliyokufa, akaweka ya akiba. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto kilikuwa bado cheupe, kigumu kama mti.

"Sekela. Malizia."

"Nimalizie nini, kaka? Mimi sijasema neno." Alitabasamu, akarekebisha kilemba chake. "Watu wanangoja. Punguza sauti ya hilo lisanduku, tuimbe."

Alinyoosha mkono kuufikia ufunguo. Lutengano akamshika kiganja. Kilikuwa na joto, joto la kawaida kabisa la mtu mzima wa afya.

"Sipunguzi," alisema. "Leo utaimba hivyo hivyo. Na kesho. Na kila Jumamosi, hadi useme."

Akawasha.

Valvu mpya ikawa nyekundu. Hapakuwa na manung'uniko tena, wala umati. Ukumbini kote ilisikika pumzi ya mtu mmoja, ikiingia... ikitoka... kubwa, ya karibu. Wachezaji wakasogea ukutani. Mika akainua vijiti vyake, akasahau kuvishusha.

Lutengano alitazama kifua cha dada yake. Kilipanda spika ilipovuta. Kilishuka ilipotoa.

Akabana nyuzi kwa vidole vitatu, akaanza kupiga.