Msiba Usio na Mtani

Majirani walikuwa wamekwisha kuisukuma injini kando, lakini walichelewa. Mwalimu Meshack alilala chali kwenye mchanga wa ua wake mwenyewe, Ipagala, kifua kimebonyea, mkono mmoja bado umevaa glovu. Nyuma yake ilisimama Peugeot pikapu ya zamani, boneti wazi, ndani hamna kitu. Simu yake ilikuwa mfukoni mwa shati, nayo ilikuwa imesagika.

Inspekta Anyitike alichuchumaa. Juu ya maiti yalisimama mabomba matatu ya chuma yaliyounganishwa kileleni. Pale kileleni palining'inia kapi, kigurudumu cha kuvutia mizigo, na kwenye kapi kipande cha kamba ya nailoni ya bluu.

"Imekatwa hiyo, afande," alisema jirani mmoja. "Angalia mwisho wake."

Aliangalia. Mwisho wa kamba ulikuwa laini kuliko kamba iliyokatika yenyewe. Hakupenda alichokiona.

Sajenti Tabu, mwanamke wa Kondoa asiyepoteza maneno, alikuja na daftari kwapani.

"Kuna mtu tumemshika. Kefa, mdogo wa marehemu."

"Kwa lipi?"

"Ameonekana asubuhi akitoka hapa na baiskeli, nyuma amefunga gunia zito. Na wiki iliyopita waligombana mpaka mtaa mzima ukasikia. Gari hili ni la marehemu baba yao. Kefa alitaka liuzwe, huyu akasema atalifufua."

"Kwenye gunia kulikuwa na nini?"

"Hasemi."

Mjane, Loisi, alikuwa ameketi mkekani akishikwa na wanawake wawili. Anyitike alimpa pole, akavua kofia. Kazi hii ina adabu yake, na sehemu mbaya kuliko zote ni kumhoji mtu ambaye machozi yake hayajakauka.

"Mama, mumeo alizoea kunyanyua injini kwa kamba?"

"Kamba? Meshack?" Loisi aliinua uso. "Afande, huyo mtu alitafuta kifaa cha kunyanyulia injini kuliko alivyonitafuta mimi. Alianza na mkwaju ule pale, akasema tawi lile ni la kunguru. Fundi mmoja akamwambia afunge kwenye kenchi za nyumba. Akapanda, akazigongagonga, akashuka akisema hataki paa limfuate. Akaenda huko Chimwaga kwenye karakana kuangalia winchi ya magurudumu. Akarudi akasema magurudumu yale yanataka sakafu, kwetu mchanga utayameza."

"Mwisho?"

"Mwisho akachomelesha hiyo miguu mitatu na kununua cheni bloku, ile winchi ya mnyororo. Ya tani moja! Nikamwambia injini yenyewe haifiki hata robo ya tani. Akasema anataka kuvuta mnyororo huku akipiga mluzi."

"Iko wapi hiyo cheni bloku?"

"Ilikuwa stoo, kwenye msumari."

Stoo kulikuwa na msumari mnene, na chini yake gunia la uwele lililofungwa mdomo. Cheni bloku haikuwepo.

Basi hapo ndipo mambo yalipomgeukia Kefa. Mkuu wa upelelezi alipiga simu kabla gari la polisi halijaondoka na maiti.

"Anyitike, kuna ugomvi, kuna gunia, kuna kifaa kilichoibwa na kamba iliyokatwa. Unangoja nini tena?"

"Nangoja kujua, mkuu."

"Utajua Jumatatu mahakamani. Andika mauaji."

Mazishi nayo yalipangwa Jumatatu. Wazee wa ukoo walikwisha kuamua kwamba Kefa hatagusa jeneza la kaka yake wala kukanyaga ule ua tena. Mama yao mzazi alikuwa amelazwa chumbani, hajui amlilie nani kati ya wanawe wawili.

Jioni, kwenye chumba cha mahojiano, Kefa alikaa amekunja mikono. Alikuwa mwembamba, mkulima, na suruali yake ilikuwa na kiraka gotini.

"Kwenye gunia kulikuwa na nini?"

"Vitu vyangu."

"Cheni bloku?"

"Hapana, afande."

"Basi taja ni nini."

"Siwezi."

"Kefa, hili ni shauri la mauaji. Unajua adhabu yake?"

"Najua."

"Na bado huwezi?"

Kefa alitikisa kichwa. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nilimtukana wiki iliyopita, afande. Nilimwita bahili mbele ya watoto wake. Ndilo neno la mwisho nililomwambia."

Anyitike alikwisha kuona wauaji wakilia, kwa hiyo machozi hayakumbabaisha. Lakini mtu anayekubali kunyongwa kwa sababu ya gunia alikuwa hajawahi kumwona.

Jumapili asubuhi alirudi Ipagala na Sajenti Tabu. Turubai lilikwisha kufungwa, wanaume wamekaa kimya kwenye viti vya plastiki, wanawake wanachambua mchele. Tabu alisimama akawatazama, kisha akakunja uso.

"Afande, msiba huu hauna mtani."

"Una maana gani?"

"Marehemu alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi, anaitwa Athuman. Fundi wa viti vya magari, yuko mtaa wa Kikuyu. Tangu jana kila mtu anamuulizia. Mtani ndiye anayefika wa kwanza, anawachokoza wafiwa mpaka wacheke na kamasi zao. Huyu hajakanyaga hapa."

"Labda anaumwa."

"Wanasema jana alionekana na pikipiki, mzima kabisa."

Anyitike alilibeba neno hilo mpaka kwenye ile miguu mitatu. Alipitisha kidole kwenye bomba moja, chini, pale fundi alipochomelea kitako na kuacha ukingo mkali bila kuupiga tupa. Kidole kilirudi na nyuzi za bluu.

"Hakuna kisu hapa," alisema polepole. "Alivuta injini peke yake. Hakuwa na wa kumshikia kamba, akaifunga kwenye mguu huu ili apate kusukuma gari nyuma. Kamba ikajisugua hapa mpaka ikakatika."

"Kwa hiyo ni ajali?"

"Ajali ya mtu aliyenyang'anywa kifaa chake. Aliyekichukua ni nani?"

Waliingia stoo mara ya pili. Safari hii Anyitike aliangalia chini. Pembeni kulikuwa na vumbi la mwezi mzima, lakini chini ya msumari, kuzunguka gunia la uwele, palikuwa pamefagiliwa vizuri. Alitoka, akaenda nyuma ya nyumba kwenye shimo la taka, akachokora kwa kijiti.

Alipata punje za uwele zilizochanganyika na vumbi. Na kati ya punje hizo, unyoya mweupe wa kuku, shina lake limefungwa uzi mwekundu, mnene, wa kazi ngumu.

Alimwita Loisi kando, Tabu akasimama naye.

"Mama, mnafuga kuku hapa?"

"Hapana. Mwewe walitumalizia, tukaacha."

"Jana asubuhi ulifagia stoo?"

Loisi aligeuka akautazama mlango wa stoo.

"Kefa hajasema neno," alisema Anyitike. "Amekaa ndani na amenyamaza. Nadhani anakulinda wewe."

Mwanamke akaketi palepale, juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Nilimpimia uwele," alisema. "Nusu gunia. Watoto wake hawana kitu, mvua ilimkatalia shamba. Meshack baada ya ule ugomvi alisema hata punje isitoke humu. Nikangoja ameenda dukani kununua spana, nikampa shemeji. Gunia likagonga ukuta, punje zikamwagika. Nikafagia haraka asijue, kisha nikaenda zangu sokoni kabla hajarudi."

"Hukuona kuwa cheni bloku haipo?"

"Kulikuwa na giza mle, na nilikuwa naogopa. Sikuinua macho."

"Na jana, kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini, afande? Kwamba siku anakufa nilikuwa namwibia?"

Tabu alimshika bega. Anyitike akafungua kiganja. Loisi aliutazama unyoya, na uso wake ukabadilika taratibu.

"Huo ni wa mtani," alisema. "Wakichukuliana kitu wanaacha unyoya. Maana yake njoo ukomboe kwa jogoo. Ulikuwa wapi?"

Haukupita muda akajijibu mwenyewe.

"Niliufagia," alisema. "Mungu wangu, niliufagia mimi."

Athuman alikuwa kibandani kwake Kikuyu, mbele ya cherehani, akishona kiti cha gari. Mshono ulikuwa umekwenda upande. Alipowaona aliacha kukanyaga.

Anyitike aliweka unyoya mezani, karibu na kigurudumu cha uzi mwekundu uleule.

"Unaujua?"

"Wangu."

"Cheni bloku iko wapi?"

Fundi alionyesha kwa kidevu. Tabu akafunua rundo la sponji, na mnyororo mpya ukang'aa.

"Sema mwenyewe, kwa hiari yako," alisema Anyitike. "Hulazimishwi."

"Mwaka jana alinichukulia cherehani hii, afande. Nilihangaika mpaka nikaona unyoya. Nikapeleka jogoo, tukamla wote, akanicheka mbele ya mke wangu. Nikasema siku yake itafika. Ijumaa jioni nilipita kumsalimia. Akanionyesha cheni bloku, akaisifu, akaisifu. Alipoingia ndani kuchukua maji ya kunywa, nikaichukua."

"Ukaacha unyoya."

"Kwenye msumari. Niliuchomeka vizuri."

"Alikupigia simu?"

Athuman aliinamisha uso mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Alinipigia asubuhi. Akasema, 'Mtani, wezi wamenipitia. Gari la kubeba injini linakuja mchana, sina budi kutumia kamba. Njoo unishikie.'"

"Ukamjibu nini?"

"Hakuutaja unyoya. Nikajua anajifanya hajauona ili asitoe jogoo. Nikamwambia, 'Mwambie mkeo akushikie.' Nikacheka, nikakata simu."

Barabarani pikipiki ilipita ikipiga honi. Athuman aliugusa unyoya mezani kwa ncha ya kidole.

"Baadaye kidogo nikaona utani umetosha," Athuman aliendelea. "Nikaifunga cheni bloku kwenye pikipiki, nikaenda. Nilipanga kuingia nayo nikiimba. Nimefika kwenye kona, nasikia yowe."

"Ukarudi."

"Nikarudi."

"Kefa alipokamatwa ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukanyamaza, mtu asiye na kosa analala ndani."

"Niliogopa. Nilisema nitakwenda nikipata nguvu, sikuipata." Alifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha viti. "Afande, niambie ukweli. Ningemshikia ile kamba, angekufa?"

Anyitike angeweza kumdanganya, na kwa dakika ile alitamani sana. Lakini kazi yake ilikuwa kutafuta ukweli, hakuweza kuuficha alipoulizwa.

"Hapana," alisema. "Asingekufa."

Hiyo ndiyo sababu yenyewe, iliyotafutwa kwa gari la polisi na pingu: jogoo mmoja na kicheko. Katika miaka yake yote ya upelelezi Anyitike alikuwa akifurahi kila alipofunga jalada. Hili alilifunga huku roho ikimuuma.

Alimwandikia Athuman kosa la kuficha kielelezo cha polisi. Lile jingine, la simu, halikuwa na kifungu cha sheria.

Kefa alitolewa jioni. Loisi alikuja kumpokea mwenyewe, amejifunga khanga mbili. Walisalimiana bila kutazamana. Kisha Loisi akamwona Athuman kwenye benchi, pembeni ya kaunta.

Athuman alipiga magoti. "Shemeji, nipige. Mwambie afande anifunge."

Loisi alimtazama. Sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Wewe uliuweka, mimi niliufagia. Nikikupiga wewe, mimi nitapigwa na nani?"

"Shemeji..."

"Alikuita umshikie kamba, mtani. Kesho njoo umshikie."

Jumatatu asubuhi Anyitike alimtoa Athuman kwa dhamana, akamsindikiza kwa gari mpaka makaburini. Wazee wa ukoo walinung'unika, lakini mjane aliwaambia neno moja na wakampisha. Kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye udongo mgumu mwekundu. Jeneza likawekwa juu ya kamba mbili. Kefa akashika upande wa kichwani. Upande wa pili watu walimwachia Athuman nafasi, wakasubiri azuie maziko na kudai jogoo wake, kama mtani anavyotakiwa. Hakudai kitu. Aliinama, akaizungusha kamba kiganjani, akaishika.

Jeneza lilishuka polepole, sawasawa, halikuyumba hata kidogo. Lilipofika chini wenzake wakaachia kamba zao.

"Limefika, mtani," alisema Kefa. "Achia."

Athuman hakuachia. Kefa akazunguka kaburi, akasimama karibu naye, akamngoja.